Kwa nini Liverpool ilizifungia meli ndani ya mabwawa

Swali: Mimi ni shabiki wa Everton, timu ya mpira ya mji wa Liverpool, tangu walipokuja Dar es Salaam mwaka 2017 kucheza na Gor Mahia. Nasikia uwanja wao mpya umejengwa juu ya bandari iliyofukiwa. Nikatafuta picha za zamani, nikashangaa: meli zimekaa ndani ya bwawa la kuta za mawe, mlangoni kuna lango kama la boma. Mimi nimekulia Tanga, ambako meli ilikuwa ikitia nanga nje na matishali, yale mashua ya kupakulia mizigo, yakiifuata. Kwa nini Waingereza walihangaika na mabwawa na malango, badala ya kujenga gati kando ya mto basi? Na nani aliyeipanga bandari yote ile?

Jibu: Swali lako la kwanza jibu lake ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu.

Wewe wa Tanga huhitaji kufundishwa maji kujaa na kupwa. Lakini fikiria vipimo. Kwetu, siku za mwezi mpya au mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa ni mita 3 na ushei, siku kali ikakaribia 4. Katika mto Mersey, unaopita mbele ya Liverpool, bamvua kubwa hukaribia mita 10. Hiyo ni nyumba ya ghorofa tatu inayopanda na kushuka mara mbili kila siku.

Sasa ifunge meli kwenye gati la kawaida katika maji hayo. Saa sita mchana sitaha iko juu ya vichwa vya makuli na ngazi imesimama wima kama mnazi. Saa kumi na mbili jioni meli hiyo hiyo iko shimoni, makuli wanaitazama kutoka juu, na mtu asipokaa na kamba akizilegeza kila baada ya dakika chache, ama zinakatika ama meli inaning'inia. Na huenda hata shimoni haielei tena, imepwelewa. Jahazi likipwelewa si taabu. Wenye majahazi wetu huliacha makusudi likae mchangani ili walisugue na kulipaka shahamu. Lakini meli pana ya mizigo, imejaa mapipa ya sukari na tumbaku, ikikaa juu ya tope lisilo sawa, mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, unapinda na mbao zinaachia. Ongeza mkondo: Mersey ni mpana kwa ndani na mwembamba mbele ya mji, kama chupa, kwa hiyo maji yote ya bonde lile hupita shingoni kwa kasi kubwa. Ongeza na upepo wa kaskazini-magharibi unaopiga moja kwa moja kutoka baharini. Matishali ya Tanga hapo yangekuwa kuni.

Basi wenye mji wa Liverpool wakaamua kuwa kama maji hayawezi kuzuiwa yasipwe, wayafungie ndani yale yaliyokwisha kujaa.

Bwawa la kwanza la namna hiyo lilifunguliwa mwaka 1715. Lilijengwa na mhandisi Thomas Steers mahali palipokuwa na hori la matope lililoingia mjini kutoka mtoni, na lilimeza meli kama 100. Kwa bandari ya biashara, bwawa la kufungwa kwa lango lenye kupakia na kupakulia pembeni, hilo ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza duniani. Halmashauri ya mji ilijitia kwenye madeni mazito kulijenga, mji wenyewe ukiwa mdogo tu wakati huo. Nitalirudia jambo hili la madeni, kwa sababu watu husifu mawe wakasahau nani alikopa.

Lango lenyewe ni kitu rahisi na cha akili nyingi. Kunja viganja vyako viwili vikutane ncha kwa ncha, vifanye pembe kama paa la nyumba. Hizo ndizo mbao mbili za lango, na ile pembe huelekezwa ndani, kwenye maji ya bwawa. Bahari ikipwa, maji ya ndani yanakuwa juu kuliko ya nje, yanayasukuma mabawa ya lango yabanane zaidi. Kadiri tofauti inavyokuwa kubwa, ndivyo linavyojifunga lenyewe. Hakuna kufuli wala komeo. Bahari ikijaa tena hadi maji ya nje yalingane na ya ndani, msukumo unaisha na watu wachache wenye roda wanalifungua. Kwa malango hayo Liverpool ilipenda sana mbao za mti wa greenheart kutoka Guyana, kwa kuwa ni ngumu na yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao haupendi.

Kasoro yake umeshaiona: lango linafunguka tu maji yakiwa yamejaa. Meli zote zinazotaka kutoka na zote zinazotaka kuingia zinagombea kajisaa kamoja. Ndiyo maana tangu zamani kujua maji yatajaa saa ngapi na kwa kimo gani kulikuwa sawa na kujua bei sokoni. William Hutchinson, baharia wa zamani aliyefanywa msimamizi wa bwawa lile la kwanza, alianza mwaka 1764 kuandika kimo cha maji kujaa, akaendelea hadi 1793. Wanaochunguza kupanda kwa bahari siku hizi bado wanazitumia hesabu zake. Nilipokuwa kijana niliwahi kutumwa kusimama na ubao wa vipimo gatini wiki mbili tu, usiku na mchana, nikalalamika hadi wenzangu wakanichoka. Yeye alifanya karibu miaka 30.

Dawa ya kasoro ile ilikuwa bwawa la ukumbini. Badala ya meli kuingia moja kwa moja bwawa kuu, inaingia kwanza bwawa dogo ambalo lango lake la nje hufunguliwa mapema, maji yakiwa bado yanapanda. Meli zinakusanyika humo kama wageni barazani. Maji yakilingana na ya ndani, zinapitishwa. Maji yakianza kupwa, zilizochelewa bado zina nafasi ya kutoka kupitia ukumbini. Salisbury Dock, iliyofunguliwa 1848, ndiyo ukumbi wa mabwawa ya upande wa Everton yako, na kwenye kisiwa kati ya malango yake mawili ulijengwa mnara wa saa wenye nyuso sita ili nahodha aliye mtoni aone saa popote alipo. Kengele yake ilitangaza maji kujaa, na wakati wa ukungu ilionya. Mnara huo, Victoria Tower, bado umesimama hatua chache tu kutoka uwanjani.

Swali lako la pili, nani aliyeipanga yote. Hakuna. Najua jibu hili haliridhishi, kwa sababu tumezoea kuambiwa kila mji mkubwa ulikuwa na ramani moja ya mtu mmoja mwenye maono. Liverpool ilikuwa na kamati ya wafanyabiashara iliyojenga bwawa kila yaliyotangulia yalipojaa, kwa fedha za ushuru wa meli na mikopo iliyodhaminiwa na ushuru huo. Na tuseme ukweli kuhusu biashara iliyoyajaza mabwawa ya awali: katika nusu ya pili ya karne ya 18 Liverpool ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya Ulaya ya kupeleka meli kuchukua watumwa Afrika Magharibi, mpaka Bunge lilipopiga marufuku mwaka 1807. Baadaye ikaja pamba ya kusini mwa Marekani, iliyolimwa na watumwa vilevile, ikienda viwanda vya Lancashire.

Lakini kama unataka jina moja, ni Jesse Hartley. Aliajiriwa kuwa mhandisi wa mabwawa mwaka 1824 na akafa kazini mwaka 1860. Alizaliwa Yorkshire, fundi mawe na madaraja kwa asili, na alipopewa kazi hakuwa amewahi kujenga bwawa hata moja. Katika miaka 36 aliyokaa, kila bwawa la Liverpool ama alilijenga ama alilirekebisha. Alisifika kwa ukali na kwa kutopenda kufundishwa kazi, tabia ninayoifahamu vizuri kwa wahandisi wa bandari.

Jambo kubwa alilolifanya, na ambalo wageni hawalioni, ni kuwa mabwawa hayo karibu yote hayakuchimbwa nchi kavu. Yalijengwa ndani ya mto. Ardhi ya mjini ilikuwa ghali na imejaa nyumba, lakini ufuko uliofunikwa na maji kila siku haukuwa na mpangaji. Walianza kwa kujenga ukuta mnene kando ya mto, kwa kufuata maji kupwa na kwa kuzuia sehemu sehemu, wakanyonya maji kwa pampu za mvuke, wakachimba tope, wakasimamisha kuta za ndani, na udongo uliochimbwa ukajaza nafasi kati ya ukuta na mji. Kila bwawa likaongeza ardhi mpya ya maghala na barabara. Katika mabwawa yake, ni Stanley Dock peke yake lililochimbwa upande wa ndani, kwa sababu lilitakiwa kuungana na mfereji wa mashua wa kwenda Leeds. Mwaka huo mmoja wa 1848 yalifunguliwa mabwawa matano kwa pamoja: Salisbury, Collingwood, Stanley, Nelson na Bramley-Moore.

Mawe yake utayatambua. Alitumia granaiti kutoka machimbo ya Kirkmabreck, kusini-magharibi mwa Scotland, ikaletwa kwa njia ya bahari. Badala ya kuichonga yote mraba, alichanganya majabali makubwa na vipande vidogo visivyo na umbo, kila kimoja kikapachikwa penye tundu lake hadi usipate pa kuingiza kisu. Wengine husema ni mapambo. Mimi nasema ni hesabu: granaiti ni ngumu mno kuchonga, kwa hiyo usipoipoteza kwa kuichonga, unaokoa jiwe na siku za fundi. Ukuta unapata meno pia, unashikana.

Kazi yake inayopigwa picha zaidi ni Albert Dock, iliyofunguliwa na Prince Albert mwenyewe mwaka 1846. Hapo tatizo lilikuwa moto na wizi. Desturi ilikuwa shehena ishushwe gatini, ipakiwe mikokoteni, ipelekwe maghala ya watu binafsi mjini yenye sakafu za mbao. Njiani pamba na chai zilipungua uzito kwa namna isiyoelezeka, na maghala yalikuwa yakiungua. Hartley akayaweka maghala ukingoni kabisa mwa bwawa, ghorofa tano zikisimama juu ya nguzo za chuma za kumimina, mzigo unatoka melini na kuingia ghalani bila kugusa barabara. Ushuru haukulipwa mpaka mwenye mali alipoutoa mzigo. Hakutumia mbao katika mhimili wowote: ni matofali, mawe na chuma, hata paa ni mabati ya chuma. Kabla ya kuanza alijenga kibanda cha majaribio, akakijaza mbao na lami, akakitia moto aone sakafu ipi itastahimili. Matofali zaidi ya milioni 23 yaliingia humo. Chini kuna maelfu ya nguzo za miti zilizopigwa kwenye mchanga mlaini. Mwaka 1848 zikafungwa winchi za nguvu ya maji, za kwanza za aina yake katika maghala popote duniani.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu bila kupumua. Mlango wa kuingilia Albert Dock una upana wa futi 45, kama mita 14. Kwa meli za matanga za 1846 ulitosha. Lakini mwaka 1840 Samuel Cunard, mwenye kampuni ya meli, alikuwa ameshaanza kupeleka meli za mvuke Marekani kutoka mji huo huo, nazo zilikuwa na magurudumu makubwa ubavuni yaliyozipanua kama kaa. Liverpool iliijua mvuke mapema: Clarence Dock la 1830 lilitengwa mbali na mengine kwa ajili ya meli za mvuke, kwa hofu kuwa cheche zingeunguza milingoti na matanga ya jirani. Kwa hiyo Hartley hakuwa gizani. Alijenga ghala la milele kando ya lango la meli zilizokuwa zikizeeka. Kufikia mwisho wa karne, meli za masafa marefu zilikuwa zimeshalihama, likabaki stoo nzuri mno. Mwaka 1972 lilifungwa.

Ubaya wa lango ni huo. Gati la kawaida likiwa fupi unaliongeza. Kina kikiwa kidogo unachimba. Lango la granaiti likiwa jembamba, unabomoa ukuta wote, na huku bwawa likiwa tupu na meli zimekwenda kwingine. Kilichoiokoa Liverpool ni ule ujenzi wa pole pole niliousema. Kwa kuwa haikuwa na ramani moja, bwawa jipya halikulazimika kufanana na la zamani. Walisonga kaskazini, kuelekea bahari, na kila mara wakapanua lango. Canada Dock, lililofunguliwa 1859, lango lake lilikuwa futi 100, zaidi ya mara mbili ya Albert. Baada ya Hartley, kazi iliendelea kwa George Fosbery Lyster, na kufikia mwisho wa karne mlolongo wa mabwawa ulikaribia kilomita 11.

Mabwawa hayo yalizungukwa na ukuta mrefu, sehemu yake kubwa kazi ya Hartley, wenye nguzo za malango zinazofanana na ngome, na polisi mlangoni. Nje ya ukuta walisimama makuli asubuhi na tena adhuhuri wakingoja kuchaguliwa, kwa kazi ya nusu siku. Sisi tunaliita jambo hilo kibarua, kutokana na kale kakaratasi alikopewa mtu wa kutwa. Wao hawakupewa hata karatasi, msimamizi alimgusa bega aliyemtaka. Mwaka 1893 ikajengwa reli ya umeme juu ya nguzo kuufuata ukuta huo, na kwa kuwa mvua ya Liverpool haina adabu, makuli walitembea chini yake wasilowe wakaiita mwavuli wao. Ilibomolewa miaka ya 1950.

Gharama za mawe yote hayo zililipwa na mzigo. Wenye viwanda wa Manchester waliona pamba yao inatozwa ushuru wa bandari na juu yake ushuru wa halmashauri ya Liverpool, ambayo ilizitumia fedha hizo kwa mambo yake ya mjini. Kelele zao ndizo zilizosababisha Bunge kuinyang'anya halmashauri mabwawa na kuyakabidhi kwa bodi maalumu, Mersey Docks and Harbour Board, iliyoanza kazi mwaka 1858. Hawakuridhika. Wakachimba mfereji wa meli wa kilomita 58, ukafunguliwa 1894, meli za baharini zikaipita Liverpool na kwenda kutia nanga Manchester, mji usio na bahari. Sijui mfano mwingine wa wateja kukasirishwa na ushuru kiasi hicho.

Uliuliza kwa nini hawakujenga gati tu. Walijenga moja, lakini linaloelea. Abiria hawawezi kungoja lango kama magunia, kwa hiyo kuanzia 1847 waliwekewa jukwaa juu ya maboya ya chuma, lililopanda na kushuka pamoja na maji na kuunganishwa na nchi kavu kwa madaraja yenye bawaba. Mwaka 1874 jukwaa jipya liliungua likiwa ndiyo kwanza limekamilika, wakalijenga tena, na likawa na urefu wa zaidi ya mita 700. Kwa mizigo isingefaa wakati ule, kwa sababu reli, maghala na winchi nzito vinataka ardhi isiyotikisika. Na mdomoni mwa mto kulikuwa na fungu la mchanga lililozisimamisha meli kubwa zikingoja maji hata kabla ya kufika kwenye lango. Hilo lilianza kuchimbwa kwa pampu za kufyonza mchanga mwaka 1890.

Kwetu hakuna aliyehitaji lango, na si kwa kuwa hatukuwa na mafundi. Kilindini ni mkono wa bahari wenye kina, umekingwa na ardhi pande zote, na bamvua lake ni theluthi tu ya lile la Mersey. Vifaa vya reli ya Uganda vilishushwa huko tangu 1896, na magati ya maji marefu yakaja miaka ya 1920. Dar es Salaam iliendelea na matishali hadi miaka ya 1950. Tanga yako ilichelewa zaidi kwa sababu ya kina cha maji kando ya gati, tatizo linalotibiwa kwa kuchimba.

Kuhusu uwanja. Bwawa lililofukiwa ni Bramley-Moore Dock, lililopewa jina la John Bramley-Moore, mwenyekiti wa kamati ya mabwawa wakati lilipojengwa, na kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kusafirisha makaa ya mawe. Kulijaza, walivuta mchanga kutoka chini ya bahari ya Ireland wakaumimina humo. UNESCO, iliyoiweka bandari hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, iliiondoa mwaka 2021, na uwanja huo ulitajwa katika sababu. Mechi ya kwanza ya ligi ilichezwa Agosti 2025, mbele ya viti zaidi ya 52,000. Kuta za Hartley hazikubomolewa. Zimeachwa zimesimama chini ya uwanja, mchanga ukizibana upande ule ule ambao maji yalikuwa yakizibana.